Mnaoanza pafomansi za kuuza utamaduni, anzeni na hela sio mavazi

Wadogo zangu mnaoingia kwenye pafomansi, yaani sanaa ambayo msanii mwenyewe anaifanya mubashara mbele ya watu, hasa nyie mnaotaka kuonyesha utamaduni na elimu vinavyogeuzwa bidhaa, naona wengi mnahangaika na mavazi, ngoma, rangi za usoni, halafu suala la bei mnalichomeka mwishoni. Geuzeni. Pale mtu anapoingiza mkono mfukoni ndo kazi yenyewe ilipo, vingine vyote vinamsogeza tu afike hapo.

Mcheki msanii wa Marekani David Hammons, 1983, kipindi cha baridi, alitandika zulia barabarani New York akapanga mipira ya theluji kwa saizi, na bei inaenda na saizi. Theluji si ipo bure mtaa mzima? Ila ikishapangwa na kupewa bei mpita njia anasimama kuuliza hii ndogo shingapi, na akishauliza tu ashaingia kwenye kazi bila kuhutubiwa.

Wasanii wa pafomansi Coco Fusco na Guillermo Gómez-Peña nao 1992 walijifungia kwenye kizimba wakajifanya wametoka kisiwa ambacho dunia haijakijua, ukitoa hela huyu anacheza, yule anakusimulia hadithi kwa lugha ya kubuni, au unapiga nao picha. Walitegemea watu wastukie, kumbe wengi wakaamini kabisa. Kwa hiyo ukiigiza kuuzwa, jua wanunuzi wa kweli watakuja. Wekeni mtu mmoja nje ya igizo, kazi yake kuangalia nani anacheka, nani kanuna, nani ameanza kushikashika, na huyo ndo mwenye mamlaka ya kusimamisha shoo, maana wewe uliye ndani huoni kitu.

Kwenye elimu, angalieni soko la maarifa la Hannah Hurtzig, lilianza Berlin 2005: unakaa mezani na mtaalamu nusu saa kwa euro 1, wengine wanawasikiliza kwa hedifoni. Mi naipenda sana ile euro 1. Ukitaja bei ya ajabu watu wanacheka yanaisha, ila bei ndogo inayolipika inamfanya mtu aanze kupiga hesabu kichwani, je huyu profesa nimempata kwa bei poa au nimepigwa?

Halafu fanyeni mazoezi ya chenji, siwatanii. Akitoa noti kubwa je? Akidai risiti? Akisema hajaridhika arudishiwe? Majibu yatoke kwa muhusika unayemuigiza, sio kwako, nimeshaona pafomansi tamu inakufa palepale msanii anavua kofia anageukia watu "jamani nani ana chenji", basi, kuanzia hapo kila mtu yuko kwenye simu yake.

Na hela ya kwenye kopo mkubaliane mapema inaenda wapi. Kama ngoma au hadithi mmeitoa kwa watu wengine, waulizeni kwanza kama wanataka ionyeshwe, na wakikubali mgao wao uandikwe wa kwanza, kabla ya nauli zenu na kabla ya hayo mavazi.