Mpokeaji wako akihama: ushauri kwa makwotabeki wetu na wazazi wao

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja Mswahili anayeishi Texas. Mwanawe ni kwotabeki, yaani mrusha pasi, wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya shule yao ya sekondari, na kiangazi hiki wapokeaji wake wawili, wadakaji wa pasi zake, wale aliokua nao tangu timu za watoto, wamehamia shule nyingine. "Kaka, mtoto kabadilika," anasema. "Akirudi mazoezini anapita moja kwa moja chumbani. Baba yake anamwambia ni mpira tu, atazoea. Na mimi mchezo wenyewe siuelewi, hata sijui nimuulize nini."

Dada yangu, si mpira tu. Na kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mna vijana kwenye timu hizi, na mnataka wafike vyuoni kwa mkono wao wa kurusha, nimeona jibu nilitoe hapa ili na wengine wafaidike.

Tuanze na kazi yenyewe. Kwotabeki ndiye anayepewa mpira na senta, yule anayeinama mbele yake na kuurudisha nyuma kati ya miguu, mwanzo wa kila mchezo (yaani kila jaribio la kusogeza mpira, si mechi nzima), halafu ana kama sekunde mbili na nusu au tatu za kuamua. Wapinzani wenye miili mikubwa wanamjia mbio. Mbele yake wapokeaji wanakimbia njia walizopangiwa. Sasa hapa ndipo ambapo watazamaji wengi hawaoni: pasi nzuri hurushwa kabla mpokeaji hajageuka. Kwotabeki haangalii mtu aliye wazi ndipo arushe. Anarusha mahali palipo patupu, akiamini kwamba mwenzake atafika pale na kugeuka mpira ukiwa njiani. Imani hiyo haifundishwi ubaoni. Inajengwa kwa kurudia jambo lile lile mpaka mwili unajua wenyewe. Mwenzako akiondoka, anaondoka nayo. Unabaki na mkono ule ule na akili ile ile, lakini umepungukiwa na nusu sekunde, na katika mchezo huu nusu sekunde ndiyo inayoamua kama umepiga pasi au umelala chini na jitu la kilo mia na ishirini juu yako.

Nayasema haya kwa sababu yamenikuta.

Nilikuja Ohio nikiwa mtoto, nimetoka Tanga, miguu yangu ikijua chandimu tu. Mwalimu wa michezo aliniona nikirusha mpira akaniita kando, na huo ndio ukawa mwanzo. Nilipofika sekondari nilikuwa na watu wawili. Wa kwanza mpokeaji, jirani yetu, kijana mrefu mwenye vidole virefu kama vya mpiga kinanda. Wa pili senta wangu, mpole nje ya uwanja, ndani ya uwanja hapitiki. Tulikuwa tukikutana jioni kwenye maegesho ya magari ya kanisa moja karibu na nyumbani, taa zikishawaka, tunarusha mpaka mama yake atoke kumwita. Tulikuwa na ishara zetu. Akigusa chuma cha mbele ya kofia yake, maana yake beki amesimama karibu mno, basi njia inabadilika, anakwenda ndani badala ya nje. Hatukuwaambia hata makocha. Siku ya mechi nilikuwa namtupia jicho mara moja tu, inatosha.

Msimu wetu wa pili pamoja ulikuwa mtamu, sitauelezea wote. Kiangazi kilichofuata nilichaguliwa nahodha. Nikawa nakaa usiku nachora mipango ya mchezo kwenye daftari, na karibu kila ukurasa una jina lake. Jioni moja akaja pale maegeshoni bila viatu vya mpira. Akaniambia wazazi wake wamepata nyumba wilaya nyingine na wiki ijayo wanahama. Alikatazwa kusema mpaka mkataba wa nyumba usainiwe. Yeye sikumlaumu na simlaumu. Lakini makocha walikuwa wanajua tangu mwanzo wa mwezi. Walikuwa wanayaona madaftari yangu, wananipigapiga bega, wanasema kazi nzuri nahodha, huku wanajua. Miaka imepita mingi na mimi sasa ni mtu mzima mwenye watoto, ila hilo bado linaniuma. Ukimpa kijana cheo cha kuongoza, basi mpe na habari.

Msimu ulipoanza, mechi ya pili senta wangu akaumia goti. Senta mpya alikuwa na bidii lakini mpira wake ulikuwa unakuja chini, kwenye magoti, wakati mwingine kwenye kifundo cha mguu. Nieleze hili vizuri maana wazazi hamlioni mkiwa jukwaani. Mpira ukija kifuani, macho ya kwotabeki yanabaki juu, anawaona mabeki wanavyojipanga. Ukija chini, lazima atazame chini kuudaka, na akiinua macho picha imeshabadilika. Huyu beki alikuwa kushoto, sasa yuko kulia. Nani anakuja? Hujui. Basi unaushika mpira. Mpokeaji mpya yuko njia sahihi kabisa, mkono unajua unatakiwa kurusha, lakini haurushi, unasubiri umwone amegeuka. Akigeuka, beki keshafika. Nilikuwa naangushwa mara kwa mara, na gazeti dogo la mjini kwetu liliandika kwamba nimekuwa mwoga.

Sikuwa mwoga. Nilikuwa na msiba ambao hakuna aliyeuita msiba.

Moyoni nako kulikuwa hivyo hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa nawachekesha wenzangu kwenye duara kabla ya kila mchezo, wakipumua na kutabasamu ndipo tunaanza. Nikawa natoa amri tu na kupiga makofi. Walinzi wangu wa mbele, wale wanaonikinga nisiangushwe, waliniambia baadaye kwamba walikuwa wakiniangalia usoni kwanza kabla ya kusikiliza mpango, na walichokuwa wanakiona hakikuwapa nguvu.

Anayedhani haya ni ya watoto wa shule amtazame kwotabeki Aaron Rodgers. Huyu alikuwa mchezaji bora wa NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu, mwaka 2020 na tena mwaka 2021, akiwa timu ya Green Bay. Msimu wa 2021 alirusha pasi 37 za tachidauni (mpira unapofikishwa eneo la mwisho la wapinzani, ndilo bao lao), na zilizonaswa na wapinzani ni 4 tu. Mpokeaji wake Davante Adams alidaka mipira 123. Machi 2022 Adams akauzwa kwa timu ya Raiders. Msimu uliofuata Rodgers alishuka hadi tachidauni 26, mipira iliyonaswa ikapanda hadi 12, na timu iliyokuwa imeshinda mechi 13 ikashinda 8 na kukosa mtoano. Kweli, alivunjika kidole gumba London mwezi Oktoba walipocheza na Giants, na hilo lina sehemu yake kubwa. Lakini nilikuwa natazama tangu mechi ya kwanza, kidole kikiwa kizima. Mpira wao wa kwanza kabisa wa msimu, kule Minnesota, alimrushia kijana mpya Christian Watson, yuko peke yake, hakuna wa kumkamata, na mpira ukamponyoka mikononi. Usoni mwa Rodgers nilijiona mimi.

Na kwake halikuwa jeraha la kwanza. Mpokeaji wake Jordy Nelson alipoachwa na klabu Machi 2018, Rodgers alipoteza rafiki pamoja na ile pasi yao ya nyuma ya bega. Pasi hiyo ni ya ajabu: mpokeaji anakimbia mbele, beki amemganda, na mpira unakuja nyuma yake kwa makusudi, kwa hiyo inabidi asimame ghafla na kujizungusha wakati mpira uko hewani tayari. Beki anapitiliza. Haiwezekani kuicheza na mgeni. Miaka mitatu baadaye, Julai 2021, alikaa mbele ya waandishi wa habari akataja majina ya wenzake walioondoka, mmoja baada ya mwingine: Woodson, Peppers, Nelson, Matthews, Cobb na wengine, akalalamika jinsi walivyoagwa. Watu walimwita mdekaji. Mimi nilimwelewa neno kwa neno.

Sasa upande wa pili, kwa sababu sitaki kijana wa dada yangu asome haya akate tamaa. Mwezi ule ule wa Machi 2022, timu ya Kansas City walimuuza mpokeaji wao Tyreek Hill kwa Miami. Hill alikuwa mwenye mbio kuliko karibu wote kwenye ligi, na kwotabeki wao Patrick Mahomes alikuwa amejenga naye mabomu ya mbali, zile pasi ndefu, kwa miaka minne. Wachambuzi wakasema Mahomes atashuka. Alichofanya Mahomes ni kuwaita wapokeaji wake Texas, nyumbani kwao, kabla hata ya mazoezi rasmi, wakarushiana. Msimu huo alirusha yadi 5,250 na tachidauni 41, akawa mchezaji bora wa ligi. Kwenye fainali ya Februari 2023 dhidi ya Eagles, robo ya mwisho, tachidauni zake mbili alizirusha kwa Kadarius Toney, aliyekuja katikati ya msimu, na Skyy Moore, aliyekuwa mwaka wake wa kwanza. Wakashinda 38 kwa 35. Bado alikuwa na mdakaji wake wa zamani Travis Kelce, na hilo si jambo dogo, kila kwotabeki anahitaji mtu mmoja wa zamani wa kumtegemea. Ila wale wageni hakuwasubiri wajithibitishe ndipo awaamini. Aliwaamini kwanza.

Mimi nilichelewa kufika hapo, lakini nilifika. Kulikuwa na kijana mfupi ambaye makocha walimweka kwenye timu kujaza nafasi. Nikaanza kwenda naye maegeshoni. Siku za kwanza nilikuwa nampa njia za yule rafiki yangu, naye hakuwa na urefu ule, kwa hiyo mipira ilikuwa inampita juu. Siku moja nikamuuliza: wewe unapenda kukimbia vipi? Akanionyesha. Alikuwa anakata kona kwa ghafla ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Tukaanza upya, ishara mpya, kila kitu kipya. Mechi ya mwisho tuliwafunga mahasimu wetu wa jadi, na tachidauni mbili zilikuwa zake. Najivunia ushindi ule kuliko wowote niliopata na rafiki yangu wa zamani, na nasema hivyo bila kumkosea heshima.

Kwa hiyo wewe kijana, sikiliza. Usimtafute aliyeondoka ndani ya aliyekuja. Muulize mgeni anakimbiaje, anapenda mpira umfikie wapi, kifuani au mbele ya vidole, halafu mrushie hapo mpaka mkono wako uache kusita. Mpira ukimponyoka, mrudie haraka, mechi ile ile au inayofuata. Rodgers alimrudia Watson, na Novemba ya msimu ule ule yule kijana akadaka tachidauni tatu dhidi ya Dallas. Ukiacha kumrushia baada ya kosa moja umeshampoteza, na wenzake wanaona.

Mrushie. Rusha sana. Sina siri nyingine.

Na senta wako mpya mjali kuliko mtu yeyote. Dakika chache kabla ya kila mazoezi, ninyi wawili peke yenu, mpira kutoka kwake kwenda kwako, kifuani, kifuani, kifuani. Wengi wanakimbilia wapokeaji kwa sababu ndio wenye majina, kumbe macho yao yanaharibikia kwenye mpira wa chini.

Kuhusu moyo: sema. Mwambie mama, mwambie mlinzi mmoja unayemwamini kwamba umeumia. Wewe mwanaume wa miaka kumi na sita una haki ya kumlilia rafiki aliyehama. Lia nyumbani, ongea nyumbani, halafu ukiingia kwenye duara wape wenzako uso wa mtu anayewataka wao waliopo. Kijana mgeni anajua kabisa kwamba anachezea nafasi ya mtu uliyempenda. Usimfanye alipie.

Makocha na baba zetu, acheni kusema "anaingia mwingine, kazi inaendelea" kabla hamjamruhusu mtoto avute pumzi. Mkijua mtu anaondoka, mwambieni nahodha siku hiyo hiyo. Mwiteni ofisini, kaeni chini, mwambieni. Hakuna ushindi unaolindwa kwa kumficha mtu habari zinazomhusu.

Na msiwape vijana ndoto kwamba wa zamani akirudi kila kitu kitatengemaa. Oktoba 2024 Adams alirudishwa kwa Rodgers, safari hii New York Jets, timu aliyokuwa amehamia Rodgers, na mashabiki walishangilia kama ndoa imerudiana. Jets walimaliza na ushindi 5 na vipigo 12. Timu ni walinzi, ni kocha, ni afya, ni umri. Pasi za watu wawili wanaojuana hazibebi yote hayo.

Dada, umesema hujui umuulize nini. Muulize hivi: mpokeaji wako mpya anaitwa nani, na anapenda mpira umfikie wapi? Akikujibu la kwanza tu akashindwa la pili, mpeleke uwanjani Jumamosi na mwite yule mtoto mwingine aje. Wapikie.