Ndovu wa Shimba Hills hawatafutwi kwa mbio

Msomaji mmoja ametuandikia kwa uchungu: alizunguka hifadhi ya Shimba Hills, Kwale, tangu saa nne asubuhi, akamaliza nusu tangi ya petroli, asione hata mkia wa ndovu. Pole, dada. Wengi hufika Kwale na mazoea ya Tsavo, ambako ndovu huonekana kutoka mbali. Hapa ni msitu, na ndovu anaweza kusimama mita kumi kutoka njiani ukampita.

Fika langoni saa kumi na mbili asubuhi. Lipia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, ukiwa nyumbani, kwani kuhangaika na mtandao pale langoni kunakula saa iliyo bora kuliko zote. Kutoka kisiwa cha Mombasa ni feri ya Likoni, halafu Kombani unakata kulia kupanda Kwale. Anayetoka bara apite barabara ya Dongo Kundu.

Ukishaingia, acha kuzunguka. Tafuta mahali nyasi zinapokutana na msitu, zima injini, ukae nusu saa. Jua likikolea ndovu hurudi kivulini, hutoka tena kuanzia saa kumi jioni. Sikiliza tawi likivunjika. Tazama kinyesi bila kushuka garini: kibichi kinang'aa kwa unyevu na nzi wamekijaa, cha jana kimepauka, kimekatikakatika. Tawi lililovunjwa likiwa na majani mabichi bado, wako karibu. Endelea kungoja.

Hatari kubwa iko kwenye kona. Ukimwona mmoja akivuka, usidhani ndiye wa mwisho. Majike hutembea kifamilia, na ndama huenda bado yuko upande wa pili. Simama mbali, usipige honi, na hata wote wakionekana kuvuka, subiri dakika kadhaa. Akikugeukia, akatanua masikio na kutikisa kichwa, rudi nyuma polepole. Usijaribu kugeuza gari: njia ni nyembamba, utakuwa umemkingia ubavu. Dume anayetiririka majimaji mashavuni, kati ya jicho na sikio, mpishe kabisa.

Usivae buluu iliyokolea wala nyeusi, maana mbung'o huifuata rangi hiyo. Maporomoko ya Sheldrick huendewa kwa miguu pamoja na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Kushuka ni rahisi, kupanda kurudi ndiko kunakochosha, kwa hiyo beba maji ya kutosha. Msimu wa masika njia za mteremko huteleza, na gari dogo la chini litakwama.

Ukiwa na siku ya pili, nenda Mwaluganje, hifadhi ya ndovu ya wenyeji, kaskazini mwa Shimba Hills. Wadigo na Waduruma waliitoa ardhi yao ya kilimo, na tangu 1995 ndovu wana njia ya kupita kati ya msitu wa Shimba Hills na ule wa Mwaluganje. Mahindi ya wakulima hao yalikuwa yakiliwa na ndovu usiku kucha, hivyo kiingilio chako ni haki yao. Lipa bila kuvutana bei, halafu mwombe mwongozaji wa hapo akupeleke karibu na mto Manolo.