Kipime kipimo chako kwanza

Julai ya mwaka juzi, saa kumi na moja alfajiri, mlinzi wetu alinipigia simu kutoka kwenye vizimba vyetu vya kufugia samaki Ziwa Victoria, upande wa Luchelele, Mwanza. Samaki wamepanda juu, wanahema. Nikamuuliza kipima oksijeni kinasemaje. Akajibu kinasoma 6.1, yaani miligramu kwa lita. Nikamwambia basi hakuna shida, labda ni njaa, asubuhi nakuja.

Nilipofika saa mbili, kizimba cha pili kilikuwa cheupe kwa matumbo ya sato. Wamelala ubavu, vinywa wazi, matamvua yamepauka. Tuliwachota kwa nyavu za mkono hadi saa saba mchana, tukihesabu kwa ndoo, maana kuhesabu mmoja mmoja kulitushinda. Vijana wangu hawakusema neno siku ile, na mimi sikuwa na la kuwaambia.

Kipima kile kilikuwa kinawaka vizuri, chaji imejaa, namba zinaonekana hata juani. Nilipokifungua nyumbani ndipo nikaona: ule utando mwembamba wa mbele ulikuwa na kitundu kama cha sindano, na kimiminika cha ndani kimeshachanganyika na maji ya ziwa. Kilikuwa kinatoa namba tu. Mlinzi aliniambia alichokiona kwa macho yake, samaki wanahema, na mimi nikaamini kioo.

Tangu hapo nimekuwa nakumbuka alichokuwa akifanya mama zamani. Aliuza dagaa Mwaloni, Kirumba, miaka mingi, na kwenye kikapu chake halikukosekana jiwe la mizani la kilo moja, limeviringishwa kwenye kipande cha kanga. Akifika kwa mnunuzi asiyemzoea, kabla hajamwaga dagaa anaweka jiwe lake juu ya mizani na kuangalia mshale. Mshale ukisimama kwenye moja, biashara inaendelea. Usiposimama, anafunga mzigo wake na kuaga kwa heshima. Hata mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo aliiwekea jiwe, kwa sababu stika ni ya siku ile walipokagua, na mizani inabebwa na kubwagwa kila siku.

Ushauri wangu wote leo ni huo. Kila kifaa cha kupimia unachonunua kitafutie jiwe lake, yaani kitu ambacho jibu lake unalijua tayari.

Kwa kipima oksijeni mawe ni mawili. La kwanza ni hewa yenyewe. Kilaze kihisi, ile ncha ya kupimia, kwenye kopo lenye sifongo iliyolowa, kisiguse maji, funika, subiri kama dakika kumi. Hewa yenye unyevu lazima isomeke asilimia 100. Kama kifaa chako kinaonyesha miligramu kwa lita, hapa wengi wanakosea: jedwali lililomo kwenye boksi ni la usawa wa bahari, ambako maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa hubeba kama 8.2. Ziwa letu liko mita zipatazo 1,134 juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na maji hayohayo hushiba kwenye 7.2 hivi. Usipokiambia kifaa uko kwenye mwinuko gani, kitakupa oksijeni ambayo haimo majini. Jiwe la pili ni sifuri. Koroga kijiko cha sodiamu salfaiti kwenye glasi ya maji, dawa hiyo hula oksijeni yote. Tumbukiza kihisi. Ikiteremka mpaka karibu na 0, kihisi kizima. Ikigoma kwenye 2 au 3, usikipeleke ziwani. Kihisi changu cha zamani kingeanguka mtihani huu asubuhi yoyote, na mtihani wenyewe hauchukui hata robo saa.

Vipya vya kutumia mwanga ni bora zaidi kwa kazi yetu, na bei imekuwa ikishuka. Ndani yake kuna taa ya buluu inayoiwasha rangi maalumu kwenye kifuniko. Oksijeni ikiwa nyingi mng'ao wa rangi hufifia haraka, ikiwa chache hudumu. Hakuna utando wa kutoboka wala kimiminika cha kubadilisha, na huhitaji kukitikisa majini ili kisome. Lakini kifuniko kile nacho huchoka, kwa kawaida mwaka hadi miwili, na mwani wa huku hukifunika kwa siku chache tu ukikiacha kizimbani. Kifute kwa kitambaa laini kila ukikitoa.

Na pima wakati wa hatari. Mchana mwani hutengeneza oksijeni, usiku mwani huohuo huivuta, kwa hiyo kiwango cha chini kabisa ni kabla jua halijachomoza. Anayepima saa sita mchana anapima wakati ambao samaki wake hawana shida. Juni hadi Agosti ongeza umakini: baridi na upepo huchanganya ziwa, maji ya chini yasiyo na hewa hupanda. Ukiona namba inaelekea 3, acha kulisha palepale, kwa sababu samaki aliyeshiba anahitaji hewa zaidi kuliko mwenye njaa.

Kipimajoto jiwe lake ni rahisi: barafu iliyopondwa ndani ya maji kidogo, isome 0. Kijana mmoja wa Buhongwa anayetotolesha vifaranga vya kuku aliniletea chake akitaka kukitupa, eti kwenye sufuria inayotokota kinasoma 96. Nikamwambia kirudishe mashineni. Mwanza maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa sababu ileile ya mwinuko.

Sasa saa janja, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Baba yangu ana presha. Mdogo wangu alimnunulia saa inayoonyesha mapigo, presha na hata sukari, na kila asubuhi ikawa inasoma kitu kama 120 kwa 78. Baba akaona amepona, akaacha dawa, hakutuambia. Tulijua pale alipoanza kulalamika kichwa kinamgonga kisogoni. Kituo cha afya, kwa kipimo cha mkanda unaojazwa hewa mkononi, akakutwa na 171 kwa 98.

Jioni ile nilichukua ndizi mbivu jikoni, nikaifunga saa ile, nikaiweka mezani mbele yake. Taa ya kijani ikamulika ganda. Baada ya nusu dakika ikaandika 118 kwa 76. Baba aliitazama muda mrefu. Kisha akamwambia mama amletee kopo la dawa zake.

Taa ile ya kijani kweli inaweza kuhesabu mapigo ya moyo mkononi. Presha ni jambo jingine, inakisiwa. Hata Samsung, wanaoiweka kwenye saa zao, wanataka uilinganishe na kipimo cha mkanda kila wiki nne. Apple waliporuhusiwa na FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, Septemba 2025, saa yao haitoi namba ya presha: inafuatilia siku 30 kisha inakuonya kwamba huenda una presha ya juu, nenda ukapime. Mimi namwamini zaidi anayesema hivyo. Kuhusu sukari, FDA hiyohiyo ilitoa onyo Februari 2024: haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayojipimia sukari bila kutoboa ngozi. Ukiuziwa saa ya namna hiyo mjini, umeuziwa namba.

Kile kidude cha kubana kidole, kinachopima asilimia ya oksijeni kwenye damu, nacho kinasaidia, ila sisi wenye ngozi nyeusi tujue habari yake. Utafiti uliochapishwa 2020 kwenye jarida la tiba la New England Journal of Medicine ulikuta kwamba miongoni mwa wagonjwa weusi ambao kidude kilionyesha 92 hadi 96, asilimia 11.7 damu yao ilikuwa chini ya 88 ilipopimwa maabara. Kwa wazungu ilikuwa 3.6. Mtu anatweta, midomo imebadilika rangi, na kidude kinasoma 94: mpeleke hospitali.

Vizimbani sasa kuna daftari limefungwa kwa kamba pembeni ya boti, lina safu mbili tu: namba ya hewani na namba ya majini. Wiki iliyopita mlinzi alipiga simu saa kumi alfajiri.

"Bosi, majini kinasoma 2.9."

"Na hewani?"

"Mia moja kamili. Nimeshawaambia vijana wasilishe, na boti ya kuvutia kizimba tunaitia mafuta."

Nikavaa viatu.