Bwawa la kuchimba au la juu ya ardhi? Kabla ya bei, angalia udongo

Watu wanaoniuliza kuhusu bwawa la kuogelea nyumbani karibu wote huanza na bei. Wanataka kujua lipi nafuu, la kuchimba au lile la kusimamisha juu ya ardhi, halafu wanaomba namba ya fundi. Nimeishi na yote mawili hapa Dar es Salaam, la fremu tulipokuwa tumepanga Tabata na la zege tulipohamia kwetu Kigamboni, na kila mmoja namjibu hivi: nionyeshe kwanza udongo wako, niambie maji yako yanatoka wapi, na watoto wa nyumba hiyo wana umri gani. Ukishajibu hayo, bwawa linajichagua lenyewe. Bei tutaizungumza baadaye.

Naanza na udongo kwa sababu ndiko pesa nyingi zinakopotelea. Dar si ardhi moja. Kigamboni sehemu nyingi ni mchanga, na kwenye mabonde maji hayako mbali na uso wa ardhi. Ukienda Msasani na Oysterbay unaweza kugonga mwamba wa matumbawe ambao sururu haiuwezi, ukalazimika kukodi mashine ya kuvunjia. Wenzetu wa Nairobi wanaojenga Kitengela, Athi River au Embakasi wanaujua ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Bwawa la zege juu ya udongo kama huo, bila kuuondoa au kumwita mhandisi apige hesabu ya msingi, litapata nyufa hata kama fundi ni hodari kiasi gani.

Kwa hiyo kabla hujalipa hata shilingi ya mchoro, toboa shimo la majaribio pale pale unapotaka bwawa, lishuke mita mbili au zaidi kidogo. Mahali penye mchanga usimshushe mtu shimoni, kwa maana kingo huporomoka bila taarifa. Tumia kekee ndefu ya mkono kama wanayotumia wachimba visima vifupi. Fanya hivyo Aprili au Mei, masika yakiwa yamekolea. Septemba kila kiwanja ni kikavu na kila muuza kiwanja ni mkweli. Funika shimo, liache siku kadhaa, kisha pima maji yamesimama umbali gani kutoka juu.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Kwa sababu bwawa tupu lililozungukwa na maji ya ardhini huelea kama mtumbwi. Piga hesabu hii pamoja nami. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina mita 1.5, sakafu na kuta za zege zenye unene wa sentimita 20, lina uzito wa tani kama 35. Maji ya ardhini yakipanda kulizunguka mpaka ukingoni, yanalisukuma kwenda juu kwa nguvu inayozidi uzito wa tani 60. Hata yakifika nusu tu ya kimo chake, tayari yanakaribia kulinyanyua. Likiwa limejaa halitikisiki, maana maji ya ndani peke yake ni tani 48. Hatari iko siku utakapolikausha ili ulisugue au ubadilishe marumaru, na siku hiyo ikaangukia masika. Zege hunyanyuka, mabomba hukatika, na hakuna namna ya kulirudisha chini likakaa kama zamani.

Anayejenga mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu anahitaji tabaka la kokoto chini ya sakafu, valvu ya kupunguza msukumo sehemu ya chini kabisa ya bwawa, na bomba la wima pembeni linaloshuka mpaka kwenye kokoto, ili uweze kuchungulia kimo cha maji ya ardhini na kuyavuta kwa pampu kabla ya kukausha bwawa. Vitu hivi vitatu havionekani kwenye picha za mtandaoni, na ndivyo vya kwanza kufutwa mteja anapoomba punguzo. Punguza marumaru. Punguza taa. Hivi viache.

Kwetu Kigamboni shimo la majaribio lilionyesha maji karibu kuliko tulivyodhani, tukachukua njia ambayo watu wengi hawaijui: tulichimba nusu na nusu tukaiacha juu ya ardhi. Ninaipenda sana njia hii kwa viwanja vya pwani. Unachimba sentimita 80 hivi, ukuta uliobaki unasimama juu kama kibaraza cha kukalia, msukumo wa maji ya ardhini unapungua, na mtoto mdogo hawezi kutembea tu akajikuta ndani. Sharti lake ni kwamba ule ukuta wa juu hauna udongo nyuma yake wa kuuegemea. Maji ya kina cha mita 1.5 yanasukuma sehemu ya chini ya ukuta kwa nguvu ya tani moja na nusu kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo ukuta unataka nondo zilizohesabiwa na mhandisi. Tofali zilizopangwa na kupigwa lipu haziwezi kazi hiyo.

Sasa tuje kwenye bwawa la fremu, lile la mabomba ya chuma na turubai zito. Watu hulidharau kama kitu cha kuchezea watoto, na mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kwa mpangaji ndilo chaguo pekee lenye maana, kwa sababu unalifungua na kuhama nalo. Kwa anayemiliki kiwanja ni njia nzuri ya kujua kama familia yako kweli ni ya kuogelea. Nimeona nyumba ambazo bwawa lilitumika Krismasi na Idi tu. Kwa nyumba ya namna hiyo zege la mamilioni halina sababu.

Ila lenyewe nalo lina masharti. Bwawa la duara lenye upana wa mita 4.5 na maji ya kina cha mita moja linabeba lita karibu 16,000, yaani tani 16. Ardhi ikiinama sentimita chache tu, maji yanaegemea upande mmoja na miguu ya upande huo inabeba kuliko ilivyokusudiwa. Ukisawazisha, kwangua upande wa juu. Usijaze udongo laini upande wa chini, maana utabonyea. Shindilia, mwaga mchanga uliochekechwa, tandika turubai jingine, na kila mguu uwekee kitofali bapa kilichozikwa usawa wa ardhi. Halafu kuna ndago, lile gugu la shambani. Mkulima yeyote anaijua: kichipukizi chake kina ncha kali na kinatoboa turubai kutoka chini huku wewe ukitafuta tundu juu. Ichimbue na vifundo vyake vyote wiki kadhaa kabla, kisha rudia kukagua.

Na tafadhali sana, usilipandishe juu ya paa la zege wala baraza la ghorofa. Najua kuna upepo na mandhari. Ghorofa ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 za watu na samani kwa kila mita ya mraba. Maji ya kina cha mita moja ni kilo 1,000 kwenye mita hiyo hiyo. Kama mhandisi hakulihesabu bwawa tangu mwanzo wa jengo, jibu ni hapana.

Ubaya mwingine wa fremu ukiwa pwani ni chumvi ya hewani, inayoanza kula chuma kwenye maungio, na jua linalokausha turubai pale juu ya mstari wa maji. Chagua mabomba yenye mipako mizuri, yasuuze kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, na ukipata kivuli cha alasiri usikikatae. Lakini si kivuli cha mkungu wala mwembe. Majani yatakumalizia wikiendi.

Kuhusu maji, bwawa lile la zege la mita 8 kwa 4 linataka lita 48,000 kulijaza, sawa na maboza matano ya lita 10,000. Hilo la duara ni boza moja na nusu hivi. Baada ya kujaza, hewa inakunywa: kwa hali ya hewa yetu, kupoteza milimita 5 kwa siku ni jambo la kawaida, na kwenye bwawa la mita za mraba 32 hizo ni lita 160 kila siku, kabla ya yale yanayorushwa na watoto na yale ya kusafishia chujio la mchanga. Mtaa ukiwa kwenye mgao wa maji, fikiria hilo, na fikiria majirani pia. Sipendi kuona bwawa likijazwa kwa bomba la mtaa huku wamama wanapanga ndoo.

Wengi watasema wana kisima. Sawa, lakini visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na chumvi inafupisha maisha ya pampu na vyuma vyote. Vingine vina madini ya chuma yasiyoonekana mpaka utie klorini, ndipo maji meupe yanageuka rangi ya chai. Kipimo chake ni rahisi: chota ndoo nyeupe ya maji ya kisima, tia chembe chache za klorini ya unga, koroga, iache mpaka kesho. Yakibadilika rangi, utahitaji kuyachuja kabla ya kuyaingiza bwawani, au ununue maji ya boza.

Umeme nao usipuuzwe. Pampu ya nguvu farasi moja, ikifanya kazi saa 8 kwa siku, inakula uniti zisizopungua 6, yaani 180 au zaidi kwa mwezi. Zidisha kwa bei ya LUKU yako, ule umeme wa kulipia kabla, uone. Pampu ndogo ya bwawa la fremu mara nyingi haifiki wati 200. Yoyote utakayoweka, iunganishwe na fundi umeme mwenye leseni kupitia kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Waya wa kurefusha umeme uliolala kwenye majani mabichi kando ya watoto walioloa ni jambo linaloninyima usingizi kila nikiliona kwenye nyumba za watu.

Dawa ni ile ile kwa mabwawa yote: klorini miligramu 1 hadi 3 kwa lita, pH kati ya 7.2 na 7.8, na utie jioni kwa sababu jua letu huila klorini mchana. Tia dawa kwenye maji, usimwage maji kwenye dawa, wala usichanganye klorini za aina mbili, maana zinaweza kulipuka. Anayejijua kwamba hatafuata ratiba hii asiweke bwawa kabisa. Mwaka 2014 na tena 2019 Dar ilipata mlipuko wa homa ya dengi, na mbu wake huzaliana kwenye maji yaliyotuama karibu na nyumba. Bwawa lililoachwa likawa kijani ni hatari kwa mtaa mzima.

Suala la watoto nimeliacha mpaka hapa kwa makusudi, ili lisisomwe haraka haraka. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wa mwaka 1 hadi 4 ndio wanaokufa maji kwa kiwango cha juu kuliko umri mwingine wowote. Mtoto anayezama hapigi kelele. Kama una mtoto wa umri huo, au wajukuu wanaokuja likizo, bwawa la kuchimba lisijazwe maji kabla ya uzio wa pande zote nne, usiopungua mita 1.2, wenye nafasi ambazo kichwa hakipiti na geti linalojifunga lenyewe. Ukuta wa nyumba wenye mlango wa jikoni si uzio. La juu ya ardhi lina faida hapa, lakini ni pale tu unapoondoa ngazi kila mara na kuhakikisha hakuna ndoo, kiti wala pampu iliyoegemea ukutani, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu atapanda chochote. Yale ya kupuliza yenye ukingo laini hayana faida hiyo: mtoto anaegemea, ukingo unalala, anaingia.

Wala usimwachie dada wa kazi ulinzi. Anapika, anafua, anafungulia wageni. Kumwongezea na bwawa ni kumwonea yeye na kumhatarisha mtoto. Mtu mzima mmoja, simu iko mbali, macho kwenye maji, mnapokezana. Kama hamwezi kulipanga hilo, funikeni bwawa kwa wavu wa kufunga na kufuli siku hiyo.

Ukishaona kiwanja chako kinafaa bwawa la zege, na ukapata kibali cha ujenzi cha manispaa, andikishana na fundi jambo moja: jaribio la maji kabla ya marumaru. Zege likishakaa siku 28, bwawa lijazwe, pampu izimwe, mchore alama usawa wa maji ukutani. Weka ndoo yenye maji kwenye ngazi ya ndani ya bwawa, iliyozama kiasi, nayo uichore alama ndani. Baada ya siku moja maji ya ndoo na ya bwawa yapungue sawa, kwa kuwa yote yanakaushwa na jua lile lile. Ya bwawa yakishuka zaidi, kuna uvujaji, na huo ndio wakati wa kuutafuta, kabla haujafunikwa. Rudia pampu ikiwa inafanya kazi, ili kupima mabomba. Malipo ya mwisho yabaki mkononi mwako mpaka majaribio yote mawili yapite, na hilo liandikwe kwenye mkataba mkiwa bado mnacheka pamoja.