ULIZA MAMA: Hakuna aliyemuona akiua, sa anyongwe?

SWALI: Shikamoo mama. Nipo Kahama, nauza mchele sokoni, na jarida lako tunalisoma kwa zamu hapa vibandani. Kuna kijana wa mtaa wa pili kahukumiwa kunyongwa mwezi uliopita. Hamna hata mtu mmoja aliyesema nilimuona akiua, kilichokuwepo ni kwamba yeye ndo alionekana mara ya mwisho na marehemu wakitoka kilabuni, alafu simu ya marehemu ikakutwa kwake. Hapa tumegawanyika, wengine wanasema jaji kakosea, wengine wanasema damu ya mtu haiendi bure. Mama, ni halali kweli mtu kufa kwa ushahidi wa kuungaunga?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kesi ya huyo kijana sijaisoma kwa hiyo siwezi kusema kaua au hajaua, ila swali lako nimelala nalo na kuamka nalo.

Kwanza nikutoe hapo kwenye kuungaunga. Ushahidi wa mazingira, yani ule wa kuunganisha vitu na matukio bila mtu aliyeona tendo lenyewe, ni ushahidi kamili, mahakama zetu zinaukubali, na kuna wakati unashinda hata macho ya mtu maana mtu anaweza kukosea gizani au akaamua kudanganya tu. Uganda kuna mzee anaitwa Edmary Mpagi, alihukumiwa kunyongwa mwaka 1982 yeye na binamu yake, mashahidi walisimama wakaapa, kumbe yule aliyesemwa kauawa yupo hai! Binamu akafia gerezani, Mpagi katoka mwaka 2000 baada ya miaka zaidi ya 18 ndani. Na hapo walikuwepo mashahidi wa kuapa.

Sa kwa vile mazingira yanaweza kudanganya pia, mahakama ziliweka sharti gumu, na linalotajwa sana huku kwetu ni la kesi ya Simon Musoke ya mwaka 1958, ya ile Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Kwa lugha ya sokoni ni hivi: ukiyapanga mambo yote yaliyothibitishwa, yawe hayawezi kabisa kukaa pamoja na mtu asiye na hatia, na pasiwe na maelezo mengine yoyote yanayoingia akilini zaidi ya kwamba ndo yeye. Likibaki elezo moja tu la maana upande wa pili basi shaka ipo na mshtakiwa anaachiwa. Kwa hiyo hiyo simu jiulize mwenyewe, simu ya mtumba hapo Kahama inapita mikono mingapi kwa wiki? Mtu anaokota anamuuzia bodaboda, bodaboda anaweka rehani kwa muuza chipsi. Simu peke yake haitoshi. Ila simu, na kuonekana naye usiku ule, na damu kwenye shati, na uongo aliowaambia polisi kuhusu alikolala, hapo kamba inaanza kusokotwa.

Wewe kama ni Mwislamu chukua Surat Yusuf, kama ni Mkristo chukua Mwanzo, uangalie nguo na kikombe. Ndugu zake Yusuf walimletea baba yao nguo ya Yusuf ina damu, ikawa damu ya uongo. Kwa mke wa bwana wake, Quran inasema kanzu iliyochanika kwa nyuma ndo ilimsafisha Yusuf, yani hapo mazingira yalisema kweli. Alafu kikombe kikakutwa kwenye gunia la Binyamini, na kilikuwa kimewekwa tu. Majaji wa Privy Council, mahakama ya juu ya rufaa za makoloni ya Mwingereza kule London, mwaka 1952 walikitaja kikombe hichohicho kwenye hukumu wakionya watu wasikimbilie kuhukumu kwa kilichokutwa kwenye gunia la mtu.

Kinachoniuma mimi ni adhabu. Texas, Marekani, Desemba 1991 nyumba iliungua watoto watatu wa kike wakafa, baba yao Cameron Todd Willingham akatoka mzima. Wachunguzi wakaangalia alama za moto sakafuni na vioo vya dirisha vilivyojaa nyufa nyembamba kama utando wa buibui wakasema huu ni moto wa kumwagiwa mafuta, na mfungwa mmoja akadai jamaa kakiri kwake. Baadaye wataalamu wakaonyesha kioo kinapasuka hivyo kikiwa cha moto alafu kikapigwa na maji ya zimamoto, kitu ambacho mama yeyote aliyewahi kutia glasi ya moto kwenye maji ya baridi anakijua. Ila walishamuua, Februari 2004. Angekuwa amefungwa maisha angekuwepo mtu wa kufunguliwa mlango.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, kumtia mtu hatiani kwa mazingira sawa, kumnyonga hapana. Na kwetu Tanzania ni kugumu zaidi sababu kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu kinampa jaji adhabu moja tu kwa mauaji, yani kunyongwa, hata kama moyoni anaona mnyororo una pete nyembamba mahali hana pa kuisema. Uganda waliondoa ulazima huo 2009, Kenya 2017, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu hapo Arusha ilishasema mwaka 2019 kwamba sheria yetu hii inavunja haki ya kuishi. Najua mama wa marehemu akisoma hapa ataumia, na ana haki, mwanae harudi, ila akinyongwa asiyehusika aliyeua bado anakunywa chai mtaani kwenu na hakuna tena anayemtafuta.

Sa mwanangu acheni kubishana kidogo, nendeni kwa ndugu zake huyo kijana. Waulizeni kama notisi ya rufaa imeshapelekwa, maana ni ndani ya siku 30 toka hukumu, na wewe umesema mwezi uliopita. Kama zimepita asikate tamaa, aombe kuongezewa muda na aeleze kwanini kachelewa, askari magereza wanasaidia hizo fomu. Waulizeni leo, msingoje Jumatatu.