Jibu: Masta kwanza au kazi kwanza, kwa anayetaka uprofesa wa usafirishaji

Habari mdogo wangu. Nimekuelewa hivi: una digrii ya uhandisi ujenzi, uko Mwanza, unataka kufundisha chuo kikuu upande wa usafirishaji, ila umekwama kati ya kuunganisha masta na kushika kazi ya mkandarasi.

Kwanza angalia GPA. Vyuo vya umma kwa kawaida vinataka 3.8 kwenye digrii ya kwanza. Ukiwa nayo, unaingia kama mkufunzi msaidizi, halafu ngazi ni ndefu, na kuanzia uhadhiri bila PhD na machapisho husogei.

Mimi ningeanza na kazi, hata miaka miwili. Nilianza kwa kuhesabu magari Buzuruga, nimekalia kreti la soda, nachora vijiti vitano vitano kwenye fomu. Bodaboda yenye abiria watatu ilinitesa: niandike chombo kimoja au watu wanne? Swali hilo ndilo likawa mada yangu ya masta. Darasani nisingelipata.

Wewe mada unayo mlangoni. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 hivi, limefunguliwa Juni 2025. Kabla yake ilikuwa foleni ya kivuko. Kaulize madereva wa malori siku hizi wanaondoka saa ngapi, na zamani walikuwa wanaondoka saa ngapi. Wahi, maana foleni husahaulika haraka.

Halafu jisajili Bodi ya Usajili wa Wahandisi mapema. Wenye hamu ya utafiti hupuuza hilo, kazi za ushauri zikija wanabaki kuhangaika.