Kiingereza Kimoja, Desturi Sita: Kwa Anayekwenda Kusoma au Kufanya Kazi Ughaibuni

Wengi wanaoondoka Nairobi, Dar es Salaam au Kampala kwenda nchi ya Kiingereza hujiandaa kwa baridi, kwa nauli na kwa mtihani wa lugha. Desturi hawazigusi, kwa kuwa Kiingereza wamekisoma tangu utotoni. Na kweli, lugha yenyewe haiwasumbui sana. Kinachowasumbua ni mambo yanayofanana kwa sura lakini yanakwenda kivingine: tarehe, bili ya mgahawa, sifa anazomwagiwa mtu na msimamizi wake.

Kabla ya kuondoka, zipange nchi hizi sita hivi. Uingereza, Ayalandi, Australia na Nyuzilandi zina mengi ya pamoja. Marekani iko peke yake. Kanada iko katikati: kilomita na selsiasi imezichukua kwa wenzake wa Jumuiya ya Madola, umeme na bakshishi imechukua kwa jirani yake. Sisi ofisi na shule zetu tulizirithi kwa Mwingereza, kwa hiyo anayekwenda Marekani ana mengi ya kujifunza upya kwenye vipimo na makaratasi. Anayekwenda Uingereza anakuta soketi ni ile ile ya pini tatu, karatasi ni A4, magari yanapita kushoto, basi anadhani na watu ni wale wale. Hapo ndipo anapoingia mkenge.

Tarehe na saa

Tarehe 05/09 kwa Mwingereza, Mwaustralia na kwetu ni tano Septemba. Kwa Mmarekani ni Mei 9. Kanada utakuta mitindo yote miwili, pamoja na ule wa kuanza na mwaka. Fomu ya chuo ikijazwa kwa mtindo usio wake, tarehe yako ya kuzaliwa haitalingana na pasipoti, na kurekebisha kosa hilo kwenye mfumo wa bima au wa mishahara kunaweza kula wiki kadhaa. Namba ya siku ikizidi 12 mfumo hukataa papo hapo, na hiyo ni heri. Hatari ni siku 12 za mwanzo wa mwezi, ambazo hupita bila kelele. Popote unapoandika kwa mkono wako, andika mwezi kwa herufi.

Saa za usaili wa mtandaoni nazo zinapoteza watu wengi. Afrika Mashariki hatubadilishi saa, wao wanabadilisha. London iko nyuma yetu kwa saa 3 wakati wa baridi na saa 2 wakati wa kiangazi. Usaili wa saa nane mchana London ni saa kumi na moja jioni Nairobi mwezi Januari, lakini ni saa kumi jioni mwezi Julai. Sehemu kubwa ya Marekani na Kanada husogeza saa Jumapili ya pili ya Machi, Uingereza hungoja Jumapili ya mwisho ya mwezi huo huo, kwa hiyo kuna wiki mbili au tatu ambazo hesabu uliyoizoea kati ya London na New York haifanyi kazi. Sydney hubadilisha kinyume chao, maana kiangazi chao ni Desemba, na Brisbane haibadilishi kabisa. Mwaliko ukija, usihesabu kichwani. Weka jina la mji wao kwenye saa ya simu yako, kisha ndipo uigeuze kuwa saa ya Kiswahili.

Ghorofa ya kwanza Marekani ni ile ya chini kabisa, unayoingilia kutoka barabarani. Ukiambiwa ofisi iko ghorofa ya tatu, kwa hesabu yetu ni ya pili.

Bei iliyoandikwa na bei utakayolipa

Chukua sahani ya chakula iliyoandikwa 20 kwenye menyu. Sydney au Auckland utalipa 20, kodi imo ndani, na hakuna anayengoja bakshishi unaponyanyuka. London utalipa 20, au 22.50 kama mgahawa umeongeza asilimia 12.5 ya huduma. Isome bili, na ikiwa huduma imo, usiongeze tena. Toronto ongeza kodi ya asilimia 13, yaani 2.60, na bakshishi ya asilimia 18, yaani 3.60: jumla 26.20. Katika mji wa Marekani wenye kodi ya mauzo ya asilimia 8, ongeza 1.60 na bakshishi ya asilimia 20: jumla 25.60. Anayehesabu pesa ya mwezi kwa bei za kwenye menyu na rafuni hufika tarehe 20 mfukoni hamna kitu.

Bakshishi ya Marekani wengi wetu huiona ni hiari ya mwenye uwezo. Sivyo. Sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa mezani dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, mradi bakshishi zimfikishe kwenye kima cha chini cha kawaida. Majimbo machache, California ikiwemo, yamekataa utaratibu huo, lakini desturi ya kuacha pesa iko pale pale. Usipoacha kitu, mhudumu anaelewa kwamba umemtukana. Ukichukua chakula mwenyewe kaunta, skrini itakuomba bakshishi pia. Hapo unaweza kukataa bila aibu.

Pango la nyumba Australia na Nyuzilandi hutajwa kwa wiki. Usizidishe kwa 4. Zidisha kwa 52, kisha gawa kwa 12: nyumba ya 400 kwa wiki ni takriban 1,733 kwa mwezi, si 1,600. Mshahara nao mara nyingi hulipwa kila baada ya wiki mbili, kama ilivyo kwa waajiri wengi wa Marekani na Kanada. Uingereza mazoea ni mshahara wa mwezi, kwa hiyo ukianza kazi tarehe mbaya unaweza kukaa wiki tano au sita kabla ya kuona pesa ya kwanza. Jiwekee akiba ya kukufikisha huko.

Alama, sifa na maneno ya msimamizi

Alama 72 katika vyuo vingi vya kwetu ni A, na Uingereza ni daraja la kwanza. Marekani, 72 ni C. Tena huko alama zinakusanywa kila wiki: mazoezi ya nyumbani, majaribio madogo, hata kuchangia darasani kuna asilimia yake. Mwanafunzi aliyezoea kusikiliza kimya miezi mitatu kisha kukesha kabla ya mtihani wa mwisho anakuta mtihani huo umebeba labda asilimia 30 tu. Kwa shahada za juu, vyuo vingi vya Marekani vinadai GPA (wastani wa alama zako zote) isiyopungua 3.0, na ukishuka chini ya hapo ufadhili uko hatarini. Soma waraka wa kozi unaotolewa wiki ya kwanza, utafute mgawanyo wa alama, na kama kuchangia kuna asilimia 10, andaa swali moja kabla ya kila kipindi. Moja linatosha.

Kuhusu jinsi watu wanavyokosoa, hili ndilo linalohitaji muda kulizoea. Msimamizi wa Uingereza akikuandikia, “Labda ungependa kufikiria kuipanga upya sura ya pili,” hakupi hiari. Anakuambia sura ya pili haijakaa sawa na ataitarajia ikiwa imepangwa upya. Akisema kazi yako “si mbaya”, amekusifu. Akisema hoja yako “inavutia” kisha akahamia jambo jingine, haikumshawishi. Mtu wa pwani, aliyelelewa kwenye mafumbo na adabu ya kutomwambia mtu kavu kavu, anapaswa kulielewa hili upesi kuliko wengine, ila wengi wanadhani Mzungu husema moja kwa moja. Mmarekani naye ataanza na sentensi tatu za sifa: kazi nzuri ajabu, juhudi kubwa. Sifa hizo ni salamu tu. Kazi uliyopewa iko baada ya “lakini”. Mwaustralia atakutamkia kosa lako mbele ya wengine huku akitania, na dakika mbili baadaye amesahau. Ukinuna, yeye ndiye atakayeshangaa.

Njia salama kwa wote: baada ya kikao, mwandikie msimamizi barua pepe fupi ndani ya siku hiyo. “Nimeelewa kwamba nifanye mambo haya matatu, kufikia Ijumaa.” Kama umeelewa vibaya, atakurekebisha kabla hujapoteza wiki nzima.

Kinyume chake kinatokea unapojieleza wewe. Kwenye usaili wa Marekani, sema “nilifanya” na utaje takwimu. Ukijificha nyuma ya “tulifanya”, watadhani hukuwa na mchango. Australia, Nyuzilandi na Ayalandi mtu anayejikweza hapendwi, kwa hiyo taja matokeo, kisha wataje na wenzako. Uingereza waajiri wengi, hasa wa serikali, hupenda jibu lenye hatua nne: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini, kikatokea nini. Hatua ya tatu ndiyo yenye alama nyingi, na ndiyo watu wetu huipita mbio.

CV yenyewe isiwe na picha, dini, kabila, ndoa, idadi ya watoto wala namba ya kitambulisho. Marekani, kwa anayeanza kazi, ukurasa mmoja, Uingereza miwili. Na ujue karatasi ya Marekani na Kanada ni 216 kwa 279 milimita, fupi kuliko A4 kwa milimita 18. CV uliyoibana ikaenea ukurasa mmoja wa A4, ikifunguliwa kwa karatasi yao mistari miwili ya mwisho huangukia ukurasa wa pili. Badilisha saizi ya ukurasa kabla ya kutuma.

Kuitana, kusalimiana, kualikana

Uingereza, Australia na Nyuzilandi mhadhiri na bosi huitwa kwa jina la kwanza. Kwetu ni utovu wa adabu, kwao ukimwita “Sir” kila sentensi anajisikia kama mwalimu wa shule ya msingi. Marekani anza na “Professor” na jina la ukoo mpaka akwambie vinginevyo. Majimbo ya kusini kama Texas na Georgia, “sir” na “ma'am” bado ni heshima ya kila siku, na huko Mwafrika Mashariki hujihisi nyumbani. Dini pia: Mmarekani anaweza kukuuliza unasali kanisa gani siku ya kwanza kazini, lakini katika ofisi ya Uingereza au Australia imani ni jambo la mtu binafsi, na aya ya maandiko chini ya barua pepe ya kazi itazua maswali.

Baa za Uingereza, Ayalandi na Australia watu hununua kwa raundi: mmoja analipia wote, kisha zamu inahama. Kama hunywi pombe, agiza soda, hakuna atakayekulaumu. Kosa ni kununuliwa soda tatu kisha kuaga kabla ya zamu yako. Kama bajeti hairuhusu, sema mapema kwamba utajinunulia mwenyewe. Marekani kila mtu hulipa chake. Mwombe mhudumu bili tofauti kabla ya kuagiza. Umri wa kunywa huko ni miaka 21.

Ukialikwa Australia au Nyuzilandi na kuambiwa “bring a plate”, usiende na sahani tupu. Wanataka uje na chakula cha kuchangia. Sambusa zinaisha kwanza, siku zote. Nyuzilandi usikalie meza, hata ya ofisini: kwa Wamaori, panapoliwa chakula hapawekwi makalio, na watu wasio Wamaori nao wengi wanaifuata desturi hiyo. Mskoti na Mwelisi usiwaite “English”. Na Ayalandi, iliyo jamhuri yenye mji mkuu Dublin, si sehemu ya Uingereza. Ukikosea hapo, kikao kizima hupoa.

Saa za kazi kwa wenye viza ya masomo

Uingereza anayesoma shahada anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na wiki huhesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Mwezi wa saa 15, 15, 15 na 28 umevunja masharti, hata kama wastani uko chini ya 20. Anayesoma shahada ya uzamili akumbuke kwamba miezi ya kiangazi ya kuandika tasnifu kwa kawaida bado ni muda wa masomo, si likizo. Kupeleka chakula kwa baiskeli kupitia programu ya simu huhesabiwa kujiajiri, na kujiajiri kumekatazwa. Australia ni saa 48 kwa siku 14, Kanada saa 24 kwa wiki nje ya chuo, Marekani saa 20 ndani ya chuo tu mpaka upate kibali kingine. Viwango hivi hubadilika, kwa hiyo hakikisha kwenye tovuti ya uhamiaji ya nchi husika, si kwenye kundi la WhatsApp.

Namba za dharura ziingize kwenye simu siku ya kufika: Uingereza na Ayalandi 999, Marekani na Kanada 911, Australia 000, Nyuzilandi 111. Hiyo 111 ukiipiga ukiwa England utapata ushauri wa afya usio wa dharura. Kama mtu amezimia, piga 999.